Mvua Isiyotunyea

Kijana aliyekuwa akituongoza alisimama ghafla pale kuta za korongo zinapokaribiana kiasi kwamba mtu mwenye mikono mirefu anaweza kuzigusa zote mbili kwa pamoja. Alitazama juu, ambako anga lilikuwa limebaki ukanda mwembamba wa samawati, kisha akainama akayatazama maji yaliyokuwa yakipita kati ya viatu vyake, maji haba yasiyofika hata kwenye vifundo vya miguu. Hatukuelewa anatafuta nini. Nyuma yangu mtu alikuwa akicheka, na mwingine alikuwa akiomba apigwe picha kabla mwanga haujahama ukutani.

"Wageni wangu," akasema, "kule magharibi kumefunga wingu. Nimeona tulipopita pale palipopanuka. Mnaonaje, tuendelee au turudi?"

Hakuna aliyejibu papo hapo.

Kisha tukajibu sote, kila mmoja na lake, na katika kelele ile sauti yake ikawa moja tu kati ya nyingi.

Hayo yalitokea ndani ya korongo la Ol Njorowa, katika Mbuga ya Taifa ya Hell's Gate, Naivasha, mchana wa siku ambayo tulikuwa tumeianza kwa baiskeli na tulikusudia kuimaliza kwa miguu. Wiki kadhaa zimepita. Wingu lile halinisumbui, kwa sababu mvua yenyewe haikutunyea hata tone. Kinachonisumbua ni kwamba yeye, aliyejua, alituuliza sisi tusiojua.

## Kilomita nane zisizo na siri

Wengi wenu mmekwisha kwenda Hell's Gate, kwa hiyo sitaeleza namna ya kufika wala bei za baiskeli pale njia panda ya barabara ya Moi South Lake, ambako vijana wanakuzingira kabla hujamaliza kushuka kwenye matatu. Nitasema tu kwamba breki zote mbili zijaribiwe kabla ya kulipa, na gia zijaribiwe mtu akiwa amekalia kiti, kwa maana baiskeli ya kukodi huonekana nzima mpaka ibebe mtu.

Kutoka lango la Elsa hadi pale tunapoziacha baiskeli ili kushuka korongoni ni kilomita kama nane, na sehemu kubwa ya njia inateremka kwa upole usioonekana kwa macho. Ni wakati wa kurudi, jua likiwa kali na vumbi limeshaingia kwenye mnyororo, ndipo mtu anapogundua kwamba asubuhi alikuwa akisaidiwa na mteremko. Tulipita chini ya Fischer's Tower, ile nguzo ya mwamba wa volkano yenye pimbi wengi wanaoota jua kwenye vijiti vyake vya mawe, nguzo iliyopewa jina la Gustav Fischer, Mjerumani aliyefika pande hizi mwaka 1883 akashindwa kuendelea mbele kwa sababu Wamaasai walimzuia. Nilipita pale asubuhi bila kuwaza lolote. Sasa naona ni jambo la kufurahisha kidogo kwamba mnara maarufu kuliko yote humo ndani unaitwa kwa jina la mtu aliyegeuzwa njiani.

Hell's Gate, iliyotangazwa kuwa mbuga ya taifa mwaka 1984, ni miongoni mwa mbuga chache sana za Kenya ambamo mgeni anaruhusiwa kutembea kwa miguu au kuendesha baiskeli katikati ya wanyama bila kuwa ndani ya gari. Punda milia walituangalia kwa muda kisha wakaendelea na majani yao. Pofu walikimbia mapema, kama kawaida yao. Ngiri walikatiza njia mkia ukiwa wima. Tulishuka kwenye baiskeli mara moja tu, tulipowaona nyati watatu wamesimama karibu na kichaka cha leleshwa, tukasubiri mpaka walipoamua wenyewe kuondoka, na hakuna mtu aliyehitaji kuambiwa kwamba tusubiri.

Hilo ndilo ninalotaka mlishike.

Juu ya baiskeli, katika uwanda ule mpana wenye majabali mekundu pande zote mbili, hatari yote ilikuwa mbele ya macho yetu. Nyati unamwona. Mchanga mwingi unauona, na usipouona gurudumu la mbele litakueleza. Ukichoka, unajua umechoka, nawe unapumzika. Kila mmoja wetu alikuwa na uwezo wa kupima hatari yake na kuamua, na mwongozaji alikuwa akituandama nyuma tu, akirudisha minyororo iliyotoka na kuwahimiza waliobaki. Nakumbuka nilijiuliza, bila ubaya wowote, ni kitu gani hasa tunachomlipia.

## Chini

Tuliziegemeza baiskeli karibu na kituo cha askari wa wanyamapori, tukanywa maji, tukaanza kushuka.

Mtu anayesikia neno korongo huenda akafikiria bonde pana lenye mto. Ol Njorowa si hivyo. Ni ufa uliochongwa katika majivu ya volkano yaliyogandamana, wenye kuta zilizolainishwa na kukunjwakunjwa na maji, na ndani yake unatembea ukiingiza mguu mmoja kwenye tundu lililochongwa na miguu ya waliotangulia, ukishika kamba hapa, ukishika mkono wa mtu pale. Hapo ndipo kazi ya yule kijana ilipoanza kuonekana. Alisimama chini ya kila mporomoko, akawa anaelekeza mguu wa kila mtu kwa jina la ushirika: "Mama, kushoto kidogo. Hapo. Mwalimu, usiruke, kaa kwanza, teleza." Walipofika watu wazima wenye magoti yenye historia, aliwapa bega lake walikanyage.

Maji ya moto yanavuja ukutani sehemu kadhaa, mengine ya kuunguza kweli, kwa sababu chini ya ardhi hiyo kuna joto lile lile linaloendesha mitambo ya umeme ya Olkaria iliyo jirani, ambako uzalishaji wa umeme kwa mvuke wa ardhini ulianza mwaka 1981. Alituonyesha pa kugusa na pasipoguswa. Alituonyesha pia vipande vya jiwe jeusi linalong'aa kama kioo, akatukataza kuvibeba. Akaeleza kwamba zamani za kale Ziwa Naivasha lilikuwa kubwa mara nyingi kuliko tunavyolijua, na kwamba lilipofurika maji yake yalitafuta njia ya kwenda kusini, na njia yaliyoipata ni hii tunayoikanyaga.

Kisha akaonyesha kidole juu.

Katika ufa wa ukuta, juu ya kichwa cha mrefu wetu kuliko wote, kulikuwa na fungu la vijiti, nyasi kavu na kipande cha mfuko wa plastiki, vyote vimekazwa pamoja kama vilivyoshindiliwa na mtu. "Maji yaliviweka pale," alisema. Tulitazama. Wengine walipiga picha. Tukaendelea kushuka, na dakika chache baadaye ndipo aliposimama na kutuuliza lile swali.

## Mvua ya kwingine

Nimetumia jioni nyingi tangu wakati huo nikijaribu kuelewa jambo ambalo mwongozaji yule alilielewa kwa kutupia jicho tu.

Bati la nyumba linapokea mvua kila mahali, lakini maji yote hutokea kwenye mlizamu mmoja, na aliyekinga ndoo chini ya mlizamu anaijaza hata kama alipo yeye hakunyeshi. Korongo ni mlizamu. Bati lake ni vilima vilivyo mbali, ambavyo mtu aliye chini kati ya kuta mbili hawezi kuviona kabisa, na udongo wa vilima hivyo ukiwa mkavu na mgumu, au mvua ikiwa kubwa kuliko udongo unavyoweza kunywa, maji hayazami bali yanakimbia. Yakifika kwenye ufa mwembamba hayana pa kutawanyika, kwa hiyo yanapanda. Yanachukua magogo na mawe yanapokuja. Anayeyasikia yakivuma ana muda mfupi mno, na anautumia vizuri tu ikiwa yuko karibu na mahali pa kupandia, na mahali pa kupandia ndani ya korongo ni pachache.

Aprili 2012, vijana saba kutoka kundi la kanisa walikufa katika korongo hili kwa mafuriko ya ghafla. Aprili ni mwezi wa masika, na wako waliosema wakati ule kwamba tahadhari ya msimu ingetosha.

Septemba 2019, watu saba walikufa tena humo humo, na Septemba si mwezi wa masika. Walikuwa watalii, wengi wao Wakenya, pamoja na mwongozaji wao. KWS, shirika la serikali linalosimamia wanyamapori na mbuga za Kenya, ililifunga korongo kwa muda baada ya msiba huo.

Nimelirudia lile neno "mwongozaji wao" mara nyingi kichwani. Tunapoajiri mtu atutangulie, tunaamini kwamba uwepo wake peke yake ni kinga, kana kwamba maji yangemheshimu kwa sababu anaijua njia. Yule wa 2019 aliijua njia. Alikuwa na wageni wake mpaka mwisho. Kumbe ujuzi unaookoa watu ndani ya korongo haufanyi kazi maji yakishafika. Unafanya kazi saa moja kabla, wakati jua bado linawaka, wakati hakuna dalili ambayo mgeni anaweza kuiona, na wakati neno la kurudi linasikika kama uvivu.

Si Naivasha pekee. Agosti 1997, watu 11 walikufa katika Lower Antelope Canyon, jimbo la Arizona nchini Marekani, kwa mvua iliyonyesha mbali juu huku pale walipokuwa kukiwa karibu kukavu. Tangu hapo wageni hawaingii bila mwongozaji, na ngazi za kudumu zimefungwa ukutani. Nalitaja kwa sababu linafanana mno na letu.

## Kwa nini alituuliza

Mara ya kwanza nilifikiri ni adabu tu. Kijana wa miaka ya ishirini hawezi kirahisi kumwambia mzee aliyestaafu ualimu, mbele ya watu, "tunageuka", bila kumpa nafasi ya kusema neno. Malezi yetu hayaruhusu. Unamwuliza mkubwa hata jambo ambalo umekwisha kuliamua, naye mkubwa mwenye busara anajua kwamba ameulizwa ili akubali.

Lakini Mwalimu wetu hakukubali.

"Kijana," alisema, kwa sauti ile ya darasani ambayo miaka ya kustaafu haijaipunguza, "wingu liko magharibi, nasi tuko hapa. Wingu linaonekana Naivasha kila siku. Ukigeuka kwa kila wingu utamfikisha nani?"

Mwingine akasema tulitoka Nairobi alfajiri. Mwingine akasema tumelipa. Mama mmoja, ambaye tangu asubuhi alikuwa hajasema mengi, akauliza ni umbali gani mpaka mahali pa kutokea, na huyo ndiye pekee aliyeuliza swali lenye jibu la kutusaidia. Mimi nilikuwa nikimtazama mwongozaji. Nilitaka kusoma usoni mwake kama anaogopa kweli au anatafuta njia ya kufupisha siku, na sikuweza kusoma lolote, kwa sababu uso wa mtu aliyezoea kuwapendeza wageni umefunzwa kutosema kitu.

Ninakiri kwamba shaka hiyo haijaniisha yote hata leo, na sidhani kwamba ni shaka ya kuonea haya. Mimi sina namna ya kujua. Fundi wa baiskeli akiniambia tairi limekwisha, nitalipapasa nione. Mwongozaji akiniambia mvua inakuja kutoka mahali nisipopaona, katika maji nisiyoyajua tabia, ninachoweza kupima ni yeye tu, wala si maneno yake.

Wakati wa kurudi nilijichelewesha makusudi nikaendesha sambamba naye. Njia ilikuwa inapanda, hivyo tulizungumza kwa vipande. Aliniambia kwamba hana mshahara. Wikendi na sikukuu ndizo shamba lake. Siku za katikati ya wiki anaweza kukaa langoni mpaka jioni bila mgeni hata mmoja. Kabla ya hapo alikuwa akifanya kazi katika shamba la maua kando ya ziwa, ambako mshahara ulikuwa mdogo lakini ulikuwa na tarehe. Aliacha kwa sababu anaipenda kazi hii, na pia kwa sababu ya mgongo.

Nikamuuliza kama huwa anawageuza watu mara nyingi.

Akasema, "Wanaokodisha baiskeli ndio wanaotuletea wageni. Ukijulikana kwamba unageuza watu, wageni wanapelekwa kwa mwingine."

Alilisema hilo kama mtu anayetaja bei ya unga, bila manung'uniko.

Basi swali lake kule korongoni lilikuwa na mambo mawili ndani yake. Lilikuwa na adabu, ndiyo. Lakini pia lilikuwa ni njia ya pekee aliyokuwa nayo ya kurudi bila kuwa yeye aliyerudisha. Kama sisi wenyewe tungesema "turudi", hasara isingekuwa yake. Alitufungulia mlango akitumaini tutapita kwa hiari yetu, nasi tukasimama mlangoni tukabishana.

## Alichofanya

Alituacha tubishane kwa muda, kisha akasema jambo ambalo nadhani alikuwa amelitayarisha tangu mwanzo. Mbele kidogo, akasema, kuna mahali penye kamba pa kupandia. Tutafika hapo haraka bila kusimama kwa picha, tutapanda, kisha tutaifuata kingo ya juu ya korongo tukiona mandhari yote mpaka kwenye baiskeli. Hakusema tumeghairi. Alisema tunabadilisha njia.

Watu walikubali kwa sababu walisikia neno "mbele".

Tulipanda kwa shida kiasi, Mwalimu akiwa wa mwisho na akikataa kushikwa. Juu kulikuwa na upepo. Kutoka pale wingu lilionekana lote, zito, la rangi ya bati lililochakaa, limelalia vilima vya mbali, na chini yake pazia la kijivu lililoinama upande mmoja, ambalo hata sisi wa mjini tulijua kuwa ni mvua. Tulikaa tukilitazama tukila mayai na viazi vitamu. Hakuna aliyesema chochote kwa dakika kadhaa, na nilidhani ubishi umekwisha.

Wingu likasogea. Likapungua. Jua likarudi hata pale lilipokuwa limekosekana, na chini yetu korongo likabaki kama tulivyoliacha, na kijito chake kile kile cha kufika kwenye vidole vya miguu.

"Unaona?" alisema mtu.

Ni neno dogo, lakini tangu hapo siku ikabadilika. Tulirudi kwa baiskeli tukiwa watu waliodhulumiwa. Mtu mmoja alihesabu kwa sauti sehemu ambazo hatukuziona. Tulipofika kwenye njia panda na kurudisha baiskeli, mwenzetu aliyekuwa amekusanya michango alitoa sehemu tu ya fedha zilizokuwa zimekubaliwa katika mazungumzo ya asubuhi, akasema kwamba makubaliano yalikuwa ni korongo zima. Kijana akazipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akatutakia safari njema. Zilikuwepo noti nyingine zilizopitishwa kimyakimya baadaye, mimi na yule mama tukiwa miongoni mwa waliozipitisha, lakini hizo zilikuwa sadaka, na mtu aliyefanya kazi hapaswi kulipwa kwa sadaka.

## Ushahidi usioweza kupatikana

Katika matatu ya kurudi Nairobi mjadala uliendelea mpaka tukapita Longonot. Nataka kuutendea haki upande wa Mwalimu, kwa sababu hakuwa mtu wa kudharau maisha. Hoja yake ilikuwa kwamba mtu akituhumu kila wingu, hatakosea kamwe, kwa sababu hakuna siku itakayomwonyesha kwamba alikosea. Akituzuia na mvua isije, atasema tahadhari. Akituzuia na mvua ije, atasema niliwaambia. Kazi ambayo mtu hawezi kushindwa ndani yake, alisema, si kazi, na sisi tunaofundisha tunajua kwamba mtihani usio na jibu la makosa haupimi kitu.

Ni hoja nzuri. Ilinichukua muda mrefu kuona ni wapi inapoteleza.

Inateleza kwa kudhani kwamba mwongozaji ndiye anayepata faida akikosea upande wa tahadhari. Tazama ilivyokuwa. Angetupeleka mbele na mvua isije, angelipwa chote, angesifiwa, na wiki ijayo tungewatuma marafiki zetu kwake. Alitutoa na mvua isije, akapoteza sehemu ya malipo na jina. Kila mara anapogeuka, analipa yeye. Kwa hiyo anayegeuka licha ya hayo yote, kuna uwezekano mkubwa kwamba ameona kitu. Mvivu hatafuti uvivu unaomkata mshahara siku hiyo hiyo.

Mwalimu alinisikiliza nilipompigia simu kumweleza haya. Akasema, "Hapo umenipata nusu." Nusu ya pili hakuisema, nami sikuiomba.

Lakini kuna jambo baya zaidi katika hesabu ile, nalo ni kwamba tunamfunza. Kijana yule ana akili. Safari ijayo, akiwa na kundi jingine linalofanana na letu, akiona wingu linalofanana na lile, atakumbuka fedha alizopokea kwa mikono miwili pale njia panda. Labda atauliza tena. Labda ataamua kwamba wingu liko mbali. Tukio moja la namna hiyo halimbadilishi mtu, lakini Naivasha inapokea makundi kila wikendi, na kila kundi likimpunguzia mwongozaji wake kwa sababu ya mvua isiyonyesha, itafika mahali ambapo waongozaji waliobaki ni wale tu wasiogeuka.

Nafikiri uamuzi huo haufai hata kuwa wake. Mtu anayelipwa na mimi, mkononi, baada ya safari, asiwe ndiye mtu wa mwisho wa kuniambia hapana. Uamuzi wa kufungua au kufunga korongo kwa siku hiyo, au kwa saa hiyo, unapaswa kutolewa na mtu aliye juu, mwenye kuviona vilima, mwenye simu ya upepo, na ambaye mshahara wake hautikisiki kwa uamuzi wowote atakaoutoa. Tukikuta lango la korongo limefungwa tutalalamika, bila shaka, sisi ni Wakenya na tumelipa kiingilio kupitia eCitizen, mtandao wa malipo wa serikali. Lakini tutamlalamikia mtu ambaye malalamiko yetu hayawezi kumpunguzia chakula cha jioni.

## Masharti ya safari ijayo

Kikundi chetu cha baiskeli kinataka kurudi, na safari hii mimi ndiye niliyepewa kazi ya kukusanya michango. Nimeandika masharti mafupi nikayatuma kwenye kundi letu la WhatsApp. La kwanza ni kwamba mwongozaji atalipwa chote pale tunapoegesha baiskeli, kabla hatujashuka hata hatua moja, na fedha hizo hazirudi hata akituambia hapo hapo kwamba leo hatushuki. La pili ni kwamba akisema turudi, tunarudi, na mwenye swali atauliza tukiwa tumekwisha kufika juu. Nimeongeza kwamba tutamwuliza, kabla ya kushuka, mahali pa kutokea ni pangapi na pako wapi, swali ambalo yule mama alilifikiria peke yake.

Majibu yalikuja kwa wingi. Wengi waliweka dole gumba. Mmoja aliuliza itakuwaje mwongozaji akichukua fedha kisha akatuambia, bila kutazama hata anga, kwamba leo hapafai. Nikamjibu kwamba ikitokea hivyo tutakuwa tumenunua siku ya baiskeli kwa bei ghali, na kwamba mimi nimeshanunua vitu vibaya zaidi kwa bei ghali zaidi.

Mwenzetu aliyeshika fedha mara ile amejitoa. Ameandika kwa heshima kwamba hawezi kulipia kitu ambacho huenda asikipate, kwa hiyo atakuja nasi, atalipa kiingilio chake na baiskeli yake, ataendesha mpaka Central Tower, ule mnara mwingine wa mwamba ulio karibu na korongo, na kurudi peke yake, kisha atatusubiri langoni. Nimemwambia sioni ubaya. Kwa kilomita zile nane hamhitaji mtu, na nyati atawaona mwenyewe.